Majivu ya Tabaka la Nne

Nilipohamia Iyunga nilikuwa na begi moja la nguo, sanduku la slaidi za kioo, na vifuko zaidi ya mia vya udongo kutoka Iringa. Mama mwenye nyumba alinisaidia kuingiza vifuko ndani bila kuuliza kitu. Aliuliza siku ya tatu.

"Hivi huo ni udongo wa dawa?"

"Hapana, mama. Udongo tu."

"Kumbe Mbeya tumeishiwa udongo." Alicheka peke yake, akaenda kuanua nguo. Wiki ile sikuongea na mtu maongezi marefu kuliko hayo.

Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, na profesa wangu alikaa Iringa. Yeye alikuwa na pango. Mimi nilikuwa na hadubini, ambayo chuo kimoja cha Mbeya kilikubali tuitumie katika kichumba kilichokuwa nyuma ya stoo ya viti vibovu. Kwa hiyo tulifanya kazi moja tukiwa mbali, nusu siku ya basi kati yangu na yeye.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa ufupi. Nje ya mji wa Iringa kuna majabali makubwa, na chini ya jabali moja watu waliishi miaka maelfu mengi iliyopita, wakaacha zana zao za mawe na mifupa ya wanyama waliokula. Huku Mbeya, upande wa Songwe, kuna korongo lililokatwa na maji, na kwenye kingo zake zinaonekana zana za mtindo uleule. Profesa wangu alijiuliza swali moja tangu alipokuwa na umri wangu: watu hawa waliishi wakati mmoja? Zana kufanana hakutoshi. Jembe la babu yangu na jembe la baba yangu ni ya namna moja, na huwezi kuyatazama tu ukajua lipi lilitangulia.

Kinachoweza kujibu ni majivu. Volkano ikilipuka, majivu yake huanguka nchi nzima kwa siku chache, juu ya kila kitu. Kila mlipuko una kemia yake, kiasi chake cha potasiamu na sodiamu na chuma, na kiasi hicho hakifanani na cha mlipuko mwingine. Ukikuta majivu ya mlipuko mmoja katika sehemu mbili zilizo mbali, umekuta siku moja katika sehemu zote mbili. Kilicho chini ya majivu kilikuwapo kabla, kilicho juu kilikuja baadaye. Basi unaweza kusema: huyu aliyeacha zana hapa na yule wa kule waliishi chini ya anga moja.

Kwenye korongo la Songwe tabaka la mlipuko mkubwa wa milima ya Rungwe linaonekana kwa macho, jeupe lenye ukijivu, nene kama kiganja kilichosimamishwa. Limejaa pumisi, yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo kina mama wananunua sokoni kusugulia visigino. Ukitupa moja majini linaelea. Iringa hakuna kitu kama hicho. Ni mbali mno. Kama majivu yalifika huko, yalifika kama chembe chache za kioo, ndogo kuliko unga wa sembe, zimepotea ndani ya udongo wa pango. Kazi yangu ilikuwa kuzitafuta.

Na muda ulikuwa mfupi. Profesa angestaafu mwisho wa mwaka. Alikuwa ameniambia wazi, siku ya kwanza, bila kujionea huruma: "Zikipatikana, pango litapata mtu wa kuliendeleza. Zisipopatikana, faili litarudi kabatini na mimi nitalima parachichi."

Kila siku nilichuja udongo, nikautia kwenye kimiminika kizito ili kioo kielee na kutengana na mchanga, nikaweka kilichoelea kwenye slaidi, nikaanza kuhesabu. Nasema kuhesabu, lakini hakukuwa na cha kuhesabu. Tabaka la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Niliandika neno hilo kwenye daftari mpaka mkono ukalizoea kuliko jina langu. Asubuhi nilimsalimia mlinzi wa chuo, jioni nilimsalimia mama mwenye nyumba, na kati ya hapo sikufungua mdomo. Kuna siku nilijikohoza njiani ili nihakikishe sauti bado ipo.

Jumapili zilikuwa ndefu zaidi. Iyunga nzima ilikwenda kanisani. Mama mwenye nyumba alikuwa akinigongea mlango akiwa na kitambaa cha kwaya kichwani. "Leo nako huendi?" Nilisema nina kazi. Ukweli ni kwamba niliacha kwenda tangu mafundisho ya kipaimara, nilipomuuliza mchungaji nani alihesabu siku zile tatu za mwanzo kabla jua halijaumbwa. Hakukasirika. Baba yangu ndiye aliyekasirika, kwa sababu alikuwa mzee wa kanisa na watu walicheka. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza, na nyumbani walizoea kunipisha kama unavyompisha mtu aliyebeba jembe begani.

Hata kwenye chumba kile nilianza kwa kuuliza. Ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa haujapigwa plasta, na mama mwenye nyumba alikuwa ameutundikia kitambaa kirefu cha maua, kutoka kona hadi kona, kimepigiliwa juu kwa misumari midogo. Vyumba vyote vya nyumba ile vilikuwa hivyo. Nilimuuliza ni cha nini.

"Ndivyo tunavyoweka," alisema.

"Ndiyo, mama, lakini kwa nini?"

"Chumba kinakuwa chumba."

Jibu kama hilo sikuliweza. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimefifia na kilinuka moshi. Baada ya wiki mbili nilikitoa, nikakikunja vizuri, nikamrudishia. Alikipokea, akanitazama kidogo, akasema, "Haya, msomi." Sikuwahi kumsikia tena akilisema jambo hilo.

Mwezi wa tatu profesa aliniita pangoni. Alitaka tuchukue sampuli zaidi za tabaka la nne, kwa kukaribiana zaidi, kwa sababu tabaka hilo ndilo alilolipigia hesabu kwamba lina umri unaokaribia ule wa pumisi ya Songwe. Sampuli chache za tabaka hilo nilikuwa nimeshazihesabu. Hakuna. Yeye alisema huenda tumeruka mstari mwembamba, na ilikuwa hoja halali.

Tulichimba siku tatu. Utaratibu wetu ulikuwa kukausha udongo wote palepale, juani, kwenye turubai safi juu ya mwamba, ndipo tuufunge. Siku ya tatu mvua ilishuka ikiwa imeinama, ikaingia hadi ndani ya pango. Tuliokoa vifuko kumi na viwili, vimelowa vyote. Profesa alikuwa amevua viatu, suruali imekunjwa hadi magotini, mvi zimemganda usoni.

"Nenda navyo," alisema. "Hapa havitakauka mpaka Pasaka."

Lakini Mbeya nako mvua ilikuwa ile ile. Kichumba cha chuo kilivuja. Nikafanya kile ambacho mama yangu angefanya na ulezi mbichi: niliazima nyungo kwa mama mwenye nyumba, nikatandaza udongo, nikapanga nyungo sita sakafuni chumbani kwangu, kando ya ukuta, na jiko la mkaa likiwa mlangoni kwa ajili ya joto. Nililala na udongo wa tabaka la nne kwa siku tisa. Kwenye daftari niliandika: *Vifuko 12, vimekaushwa Mbeya, chumbani.* Naandika kila kitu. Hilo najisifu nalo.

Slaidi ya kwanza ya vifuko vile niliitazama asubuhi ya Jumanne. Kulikuwa na kioo.

Nilijua mara moja. Kioo cha volkano hakifanani na mchanga. Hakina rangi, kina kingo kali zilizopinda, na vitundu vilivyovutwa kama povu la sabuni lililoganda. Nilihesabu chembe kumi na moja. Slaidi ya pili, tisa. Nilitoka nje nikasimama kati ya viti vibovu. Hakukuwa na mtu wa kumwambia, na mlinzi alikuwa anakunywa uji. Nikampigia profesa.

"Hesabu tena," alisema.

"Nimehesabu mara mbili."

"Hesabu mara ya tatu."

Nilihesabu simu ikiwa wazi mezani, na yeye akasubiri. Nilimtajia idadi. Nilisikia kiti, nyayo, kisha kimya kirefu, kisha nyayo zikirudi.

"Nilikwenda kufunga geti," alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu aliyetoka kufunga geti.

Wiki hiyo hiyo alikuja Mbeya kwa basi la asubuhi. Alikaa kwenye hadubini kwa saa nne bila kuinuka, kisha akanipeleka kula ndizi kwa nyama kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, na kwa mara ya kwanza hakuniita binti. "Sasa, mwenzangu," alisema, akinisogezea pilipili, "tuongee upepo."

Kwa sababu upepo ulikuwa na tatizo. Kiangazi, Mbeya, upepo hutoka kusini mashariki. Ungetegemea majivu ya Rungwe yaende Rukwa, siyo Iringa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kabla yake.

"Upepo wa juu ni mwingine," nilisema.

"Ni kweli," alisema.

Na tulikula. Ninaikumbuka sana sahani ile. Mimi ambaye niliwahi kumbishia daktari juu ya tonsesi zangu mwenyewe, nililitaja tatizo na jibu lake katika pumzi moja, na nikachukua ndizi nyingine.

Tulituma chembe kwenye maabara ya nje ya nchi. Jibu lilipokuja, kemia yake na ya pumisi ya Songwe zilikuwa sawasawa, hata wao waliandika kwamba hawajaona mara nyingi ulinganifu safi kiasi kile. Tangu siku hiyo simu yangu ikaanza kuita. Wanafunzi wenzangu waliokuwa hawajibu ujumbe wangu walinipongeza kwenye kundi letu la mtandaoni. Profesa alipiga kila jioni, wakati mwingine bila sababu, aniambie tu kwamba Iringa kuna baridi. Aliandika muhtasari wa matokeo kwa ajili ya mkutano ambao wageni wake wangekuja kulitembelea pango, na chini ya jina lake akaweka langu. Nikaanza kurudi nyumbani nikiimba. Mama mwenye nyumba aliniuliza kama nimepata mchumba.

"Nimepata majivu, mama."

"Ndaga," alisema, akimaanisha pole.

Nilipata pia vitabu, kwa sababu profesa alianza kugawa vya kwake, na nikataka rafu. Jumamosi moja alikuja fundi seremala wa Mafinga aliyekuwa akiuza mbao za msonobari pembeni ya barabara kuu. Mtu mzima, mchangamfu, penseli sikioni. Alipima, akaweka msumari kwenye ukuta wangu, akapiga nyundo mara moja. Msumari ukazama wote.

Alirudi nyuma akautazama.

"Dada, huu ukuta au andazi?"

Aliuvuta msumari kwa vidole viwili ukatoka. Vumbi jeupe lenye ukijivu lilimwagika kwenye godoro langu kama chumvi.

"Hapa rafu haishiki. Hizi ni zile tofali za njia ya Tukuyu, kule Rungwe. Wanachimba ile changarawe nyepesi, wanaipiga na saruji kidogo sana. Nyepesi, unabeba nne kwa mkupuo. Ila zinatema. Zinatema mpaka nyumba ife." Alipitisha kiganja ukutani, akanionyesha: kilikuwa kimepakaa. "Ndiyo maana watu wa huku wanaweka kitambaa. Cha kwako kiko wapi?"

"Nilikitoa."

"Kwa nini?"

Niliinama. Nilikuwa natazama sakafu, pale chini ya ukuta, mahali nilipopanga nyungo. Nilikuwa nafagia pale kila asubuhi. Kila asubuhi kulikuwa na mstari wa vumbi jeupe, na kila asubuhi niliuzoa, nikautupa nje, nikaenda chuoni kutafuta kioo cha volkano.

Nilikinga vumbi la msumari kwenye karatasi.

"Unapeleka wapi uchafu?" fundi aliuliza.

"Chuoni."

"Mnasoma nini nyie?" Alianza kukusanya vifaa vyake. "Basi nikutengenezee rafu ya miguu, ya kusimama yenyewe. Usiegemeze kwenye huo ukuta."

Chuoni sikuhitaji hata kuchuja. Niliweka chembe kidogo kwenye slaidi, nikainama, na kioo kilikuwa kimejaa, kingo zilizopinda, povu lililoganda, zile zile. Bado nikabishana na nafsi yangu. Nilisema kufanana siyo ushahidi. Nikapaka slaidi safi mafuta kidogo, nikaiacha sakafuni kando ya ukuta kwa siku mbili, mlango umefungwa. Chembe kumi na nne. Kisha nikafungua daftari kwenye sampuli za kwanza za tabaka la nne, zile zilizokauka juani Iringa. Hakuna, hakuna, hakuna. Tulizieleza kwa kusema tumeruka mstari mwembamba. Lakini vifuko vyenye kioo vilikuwa kumi na viwili tu kati ya zaidi ya mia, na vyote kumi na viwili vililala chumbani kwangu.

Ukuta wangu ulikuwa umechimbwa kwenye tabaka la mlipuko uleule wa Songwe. Ndiyo maana kemia ililingana vile. Tuliwalipa watu wa ng'ambo kwa kazi ya kulinganisha Mbeya na Mbeya.

Sikupiga simu siku ile. Wala iliyofuata. Profesa alipiga yeye, kila jioni kama kawaida, akanisomea sentensi za hotuba yake ya mkutano aniambie ipi nzuri zaidi. Alikuwa amefika kwenye sehemu ya shukrani. Nilimwambia ya pili ni nzuri. Siku nane nilifanya hivyo. Nilijiambia huenda baadhi ya chembe ni za kweli. Nilijiambia hata kama za kwetu ni za ukutani, hilo halithibitishi kwamba pangoni hazimo. Hoja zote zilikuwa sahihi kimantiki, na hakuna hata moja ambayo ningeikubali kwa mtu mwingine. Nilichokuwa nakiogopa nakijua. Hakikuwa aibu. Nilikuwa naogopa simu ile ya jioni isiite tena.

Siku ya tisa nilipanda basi. Nilikaa dirishani, na Nyololo tulipita bila mimi kushuka, ingawa kwetu ni kilomita chache tu kutoka barabarani na mama alikuwa hajaniona tangu Krismasi. Mafinga malori ya mbao yalikuwa yamepanga foleni, harufu ya msonobari ikaingia mpaka ndani ya basi. Abiria mwenzangu aliniuliza kama naenda msibani. Nadhani ni kwa sababu ya uso wangu.

Profesa anaishi Kihesa, nyumba ya vigae yenye bustani ya sukuma wiki. Alifurahi kuniona, akasema, "Kamwene, mgeni bila taarifa," akaenda kuweka chai. Nilimwambia akiwa bado amenipa mgongo, sufuria mkononi, kwa sababu nilijua akigeuka sitaweza. Nilimweleza ukuta, nyungo, fundi, slaidi yenye mafuta. Nilipomaliza alizima jiko, chai haijachemka.

"Daftari unalo?"

Nilimpa. Alivaa miwani, akafungua ukurasa wenyewe bila kuutafuta. Akaweka kidole kwenye mstari: *vimekaushwa Mbeya, chumbani.*

"Uliandika," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilisoma. Siku ile nilipokuja Mbeya, nilisoma hapa." Alivua miwani. "Mwanafunzi mwingine yeyote ningemuuliza chumba kipi, kikoje, kuta za nini. Ningemhoji mpaka alie. Wewe sikukuuliza."

Nilianza kusema kosa ni langu. Alinikatisha kwa mkono.

"Ungeweza kunyamaza."

"Ndiyo."

"Nani angejua?"

"Fundi wa Mafinga."

Alicheka, ghafla, kwa pua, kisha uso ukamshuka na akakaa kwenye kiti cha jikoni akitazama sukuma zake dirishani.  Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Baadaye aliomba simu yake, akaanza kuandika ujumbe kwa watu wa mkutano, herufi moja moja, kwa kidole cha shahada, na mimi nikakaa mezani mbele yake nikisikiliza kile kidole kikigonga kioo, maana hakukuwa na kitu kingine cha kufanya.

Mkutano ulifanyika bila sisi. Kwenye kundi hakuna aliyeandika kitu kibaya. Hawakuandika kitu.

Mwishoni mwa kiangazi tulirudi pangoni, yeye na mimi tu, kwa nauli zetu. Tulichimba ukuta wa tabaka la nne upande ambao haukuguswa, tukakausha udongo juani kwenye turubai mpya, tukakaa kando yake kutwa nzima kama watu wanaolinda mpunga dhidi ya ndege. Mkulima aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama.

"Kamwene. Mnatafuta madini?"

"Majivu," profesa alisema.

"Majivu?" Alituangalia, mmoja baada ya mwingine. "Si mngekuja nyumbani, jikoni kwa mke wangu yapo mengi."

"Tunataka ya zamani."

"Hata hayo ni ya zamani, hajazoa tangu juzi." Akaondoka akicheka, na tulimsikia akicheka mpaka alipokata kona.  Mchana profesa alinimenyea yai. Saa kumi tulifunga vifuko, kila kifuko ndani ya kifuko kingine, na nikaenda navyo moja kwa moja hadi chuoni bila kupita Iyunga.

Nilihesabu kwa miezi miwili. Katikati ya miezi hiyo profesa alistaafu. Kulikuwa na sherehe ndogo, nilialikwa, lakini nilikuwa na udongo kwenye kimiminika na sikwenda, au hiyo ndiyo sababu niliyompa. Simu za jioni zilikuwa zimekoma siku nyingi. Sikumlaumu, hakukuwa na cha kupigiana. Nilipomaliza slaidi ya mwisho nilimpigia mimi.

"La nne?" aliuliza, kabla hata sijamwamkia.

"Shikamoo, profesa. La nne hakuna."

"La tano? La tatu?"

"Hakuna."

"Umehesabu mara ngapi?"

"Mara tatu. Zote."

Nyuma yake nilisikia mtu akimwagilia kitu, maji kwenye majani.

"Basi hayakufika," alisema.

"Au yalifika, maji yakayaosha."

"Au hayo. Hatujui." Alipumua. "Andika hivyo hivyo. Usiandike hayakufika. Andika hatukuyaona."

Nikasema nitaandika hivyo. Akasema vizuri. Kisha akasema miche ya parachichi imefika na anaitwa shambani, akakata.

Niliandika. Ripoti ilikuwa na kurasa chache na haikuombwa na mtu. Ilisema kwamba katika pango la Iringa hatukuona kioo cha volkano, na kwamba watu wa pango na watu wa korongo hawajaunganishwa. Nilipofika kwenye sentensi hiyo nilijikuta namfikiria mtu mmoja wa pangoni, siku yenyewe ya mlipuko. Huku Mbeya mchana umekuwa giza, mawe mepesi yanaanguka, watu wa korongo wanakimbia au wanajifunika ngozi. Yeye ameamka chini ya jabali lake, jua limetoka kama kawaida, anagonga jiwe lake. Hakuna kilichomwangukia. Hana namna ya kujua kwamba kuna wengine, wala kwamba wana shida.

Nikabandika namba kwenye sanduku la slaidi, nikaliweka juu ya kabati kwenye kichumba chetu cha chuo. Kwenye rafu ya chini kulikuwa bado na vifuko vya tabaka la sita, ambavyo hatukuwahi kuvifikia. Ilikuwa saa nane mchana. Nikachukua kimoja, nikaanza kuchuja.